Kona ya Dada: Picha ya Chungu Iwe na Jina

Leo tunawapumzisha wachumba wasiojibu meseji na mawifi wanaohesabu vipande vya nyama sufuriani. Leo tunaongelea kuta. Barua imetoka Erdington, hapahapa Birmingham, nami nimeipunguza kidogo tu:

"Dada, shikamoo. Tumehamia nyumba ya kupanga, sebule kubwa, kuta nyeupe tupu. Sitaki maua ya plastiki wala lile picha la tembo na machweo ambalo kila Mswahili wa Uingereza analo. Nimependa picha za vyungu vya kale na vile vibao vya udongo vyenye maandishi ya kuchomachoma. Kuna muuzaji mtandaoni anauza picha moja pauni 45, ameandika 'chungu cha kale cha Kiafrika', basi. Mwingine anauza kipande chenyewe cha udongo, anasema kimetoka Babeli, pauni 60 na cheti juu. Mimi naona bora hicho halisi kuliko karatasi. Ila mume wangu kanuna, anasema vitu vya makaburini haviingii ndani mwake, huo ni uchawi. Nishauri dada yangu."

Marahaba, mdogo wangu, na hongera kwa nyumba. Jibu fupi ni hili: picha nunua, kipande usikiguse, na mumeo msikilize nusu. Kama una kitu jikoni kaepue kwanza, maana jibu refu lina mambo.

Wala si uzungu

Naanza na hili kwa sababu najua kuna shoga atakuja kukaa kwenye kochi lako na kusema kupamba ukuta kwa vyombo vya udongo ni mambo ya Wazungu wa makumbusho. Mwambie aende Lamu. Kwenye nyumba za mawe za karne ya 18, ukuta wa chumba cha ndani kabisa umejaa zidaka, safu juu ya safu, vijumba vya plasta vilivyonakshiwa kwa mkono, na humo ndimo mwenye nyumba alimopanga mabakuli na sahani za kaure zilizokuja kwa majahazi kutoka mbali. Watu wale walijenga ukuta mzima kwa ajili ya vyombo. Wewe unataka fremu mbili tu.

Kunduchi, pale Dar es Salaam, wazee walikwenda mbali zaidi. Nguzo za makaburi ya zamani walizipachika sahani za kaure kwenye chokaa ikiwa mbichi, zikakaa humo zinang'aa. Ukienda leo utaona duara tupu: alama ya kitako cha sahani ipo, sahani yenyewe haipo. Kuna watu waliozing'oa, mmoja leo mwingine kesho, kila mmoja akijiambia kimoja hakiharibu kitu. Hizo duara tupu ndizo zinazonifanya niwe mkali kwa kile kipande chako cha pauni 60.

Kipande cha Babeli kiache hukohuko

Uingereza ina sheria kuhusu vitu vya kale vya Iraq. Tangu 2003 ni kosa kushika au kufanyia biashara mali ya kale iliyotolewa Iraq kinyume cha sheria baada ya tarehe 6 Agosti 1990. Ukikutwa nayo, ni wewe wa kuonyesha kwamba hukujua wala hukuwa na sababu ya kushuku. Na sheria hiyo haikuja bure. Aprili ya mwaka huohuo Makumbusho ya Taifa ya Baghdad yaliporwa vitu takriban 15,000, na vingi mpaka leo havijulikani viliko, mbali na vile vilivyochimbwa usiku mashambani ambavyo hakuna aliyewahi kuvihesabu.

Cheti unasema? Mdogo wangu, cheti kinatoka kwenye printa ileile inayotoa lebo ya posta. Na kama kipande si cha wizi, basi uwezekano mkubwa ni bandia. Udongo haujaisha duniani, kijiti chenye ncha hakikosekani, na oveni kila nyumba ipo. Kwa hiyo kikiwa halisi umejinunulia kesi, kikiwa bandia umepigwa pauni 60. Hakuna mlango wa tatu.

Na ukienda likizo nyumbani ni hivyohivyo. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale tangu 1964, Kenya ina Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006. Kilwa Kisiwani utakanyaga vigae vya kale njiani na ufukweni, vingine vya rangi ya bluu na kijani vya kupendeza kweli, na mkono utawasha. Uzuie. Kigae kikikaa pale kilipoangukia, mtaalamu anajua nani aliishi hapo, lini, na bidhaa zake zilitoka bandari gani. Kikishaingia kwenye pochi yako kikafika Erdington, kimebaki kigae.

Ukitaka udongo wa kushika kwa mikono, kuna wafinyanzi walio hai. Wanawake wa Kikisi, ufukweni mwa Ziwa Nyasa upande wa Matema wilayani Kyela, wanafinyanga hadi leo, na vyungu vyao huuzwa sokoni mchana kweupe. Mtu wa kwenu akienda Mbeya muagize kimoja, akifunge vizuri kwenye kanga. Hapo hela imeenda kwa mfinyanzi na chungu kina mama yake anayejulikana.

Afrika ipi, mwaya?

Sasa tumgeukie huyu wa pauni 45. "Chungu cha kale cha Kiafrika." Bara lina nchi zaidi ya 50, na "kale" inaweza kuwa miaka 150 au 5,000. Picha ya namna hiyo ni mgeni aliyelala kwako wiki nzima na hujamuuliza kwao ni wapi. Atasema mtoto wako, "Mama, hiki nini?" nawe utasema, "Chungu." Kweli, pauni 45 za kusema "chungu"?

Kabla hujatoa kadi, muulize muuzaji mambo haya. Ni kitu gani? Kilipatikana wapi? Ni cha miaka gani? Kipo makumbusho gani, na kwa namba ipi? Nani alipiga picha, na ruhusa ya kuiuza ilitoka kwa nani? Muuzaji wa maana atakujibu kwa mistari miwili. Wa kubabaisha atakwambia ni "mtindo wa zamani", atakutumia kopa, na kukupunguzia bei.

Usilidharau lile la namba. Kila kitu kinachoingia makumbusho hupewa namba, na namba hiyo ndiyo kitambulisho chake. Pale British Museum, kwa mfano, vitu vingi vya Afrika vina namba inayoanza na herufi Af, kisha mwaka vilipoandikishwa. Chukua namba, iandike kwenye ukurasa wa mkusanyo wao, halafu linganisha: ufa uleule, mdomo uliomeguka upande uleule, doa lilelile la moshi. Vikilingana, umepata kitu cha kweli.

Nakazania hivyo kwa sababu siku hizi kompyuta zinatunga vyungu ambavyo hakuna binadamu aliyewahi kuvifinyanga. Angalia kwa makini: ufa unaanza vizuri halafu unapotelea hewani; nakshi inaanza pembetatu inaishia mawimbi; maandishi yana sura ya kale lakini hakuna msomi duniani anayeweza kuyasoma. Kama unataka mchoro wa kubuni, sina ugomvi, nunua kwa jina la kubuni na bei ya kubuni. Ila usiuziwe ndoto kama historia.

Vya kutafuta

Sitakuacha na masharti matupu. Haya ndiyo ninayoyapenda mimi.

La kwanza liko mjini kwetu. Birmingham Museum and Art Gallery, lile jumba la Chamberlain Square lililofunguliwa 1885, lina mkusanyo wa vibao vya udongo vyenye mwandiko wa kikabari, yale maandishi ya kuchomachoma unayoyapenda. Orodha yake ilianza kuchapishwa kitabuni mwaka 1986, na juzuu ya kwanza ni ya vibao kutoka Drehem, kusini mwa Iraq. Drehem enzi hizo iliitwa Puzrish-Dagan. Ilikuwa kituo cha serikali ya wafalme wa mji wa kale wa Ur cha kupokea na kugawa mifugo, zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Vibao vyake vinasema nini? Mbuzi wangapi, kondoo wangapi, ng'ombe wangapi, wametoka kwa nani, amepokea nani, siku gani, mwezi gani. Risiti, mdogo wangu. Mtu alipeleka mbuzi serikalini akadai aandikiwe, na karatasi yake ya udongo ipo Birmingham leo.

Kibao cha namna hii kwa kawaida ni kidogo, kinatosha kiganjani. Udongo umepauka, pembe zimeviringika kwa kushikwa. Mwandishi alichoma alama kwa ncha ya tete udongo ukiwa bado mbichi, na kila alama ina kichwa kipana na mkia mwembamba. Alipoishiwa nafasi hakuanza kibao kingine. Alizungusha mstari ukingoni akaendelea nyuma. Mpiga picha mzuri anaweka taa ubavuni, si mbele, na hapo kila alama inatupa kivuli chake na unaona kina cha mkono wa yule mtu. Picha iliyopigwa kwa taa ya mbele inakuwa bapa, kibao kinaonekana biskuti iliyotoboka. Hiyo ya pili usinunue hata kwa nusu bei.

Jumba lenyewe lilifungwa 2020, likawa kwenye matengenezo ya umeme kwa muda mrefu, na kumbi kadhaa zikafunguliwa tena 2024. Kabla hujapanda basi, angalia kwenye tovuti yao ni kumbi zipi ziko wazi, na ukumbuke kwamba makumbusho yoyote huweka sehemu kubwa ya vitu vyake stoo. Ukifika pita dukani kwao. Baraza la jiji letu lilitangaza Septemba 2023 kwamba gharama zimelielemea, na tangu hapo utamaduni ni wa kwanza kukatwa. Pauni unayoiacha kwenye duka la makumbusho ina kazi.

La pili ni letu la Afrika Mashariki: kichwa cha Luzira. Mwaka 1929 wafungwa waliokuwa wakichimba kwenye kilima cha Luzira, karibu na Kampala, waliibua kichwa cha udongo na vipande vya mwili. Kikaandikishwa British Museum 1931, na kiko London hadi leo, huku Waganda wengi hawajawahi kukiona. Ukikitundika kwako, tundika na habari hiyo: nani alikichimba, kilikwendaje, na swali la kirudi lini watoto waulize wenyewe mezani.

La tatu ni la watu wa ziwa. Vyungu vya Urewe vimepewa jina la mahali huko Siaya, nchini Kenya, na vilifinyangwa kuzunguka Ziwa Victoria kuanzia zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, toka Kenya na Uganda mpaka Rwanda, Burundi na Kagera. Vingi vina mistari iliyokwaruzwa kwa ustadi shingoni, na kitakoni mfinyanzi amebonyeza kibonyeo. Wataalamu waliovichapisha 1948 kwanza walivipa jina kwa kibonyeo hicho. Mzuri wa kutundika ni ule mchoro wa kisayansi wa wino mweusi: nusu chungu kinavyoonekana nje, nusu kimekatwa uone unene wa ukuta wake. Kwenye ukuta mweupe unapendeza kuliko picha nyingi za rangi.

La nne ni la jikoni, kwa wenye ucheshi. British Museum wanacho kibao kutoka Ur, cha mnamo mwaka 1750 kabla ya Kristo, ambamo mteja aitwaye Nanni anamlalamikia mfanyabiashara Ea-nasir: shaba mbovu, mjumbe wake kadharauliwa, na hela imekwenda. Wewe uliyewahi kusubiri simu ya huduma kwa wateja ukisikilizishwa muziki nusu saa, huyo ni ndugu yako. Mtundike juu ya meza ya bili.

Shemeji na uchawi

Sasa mumeo. Usimcheke, hajakosea yote. Kuna mabakuli ya udongo kutoka Iraq, ya karne ya 5 hadi ya 8 hivi baada ya Kristo, yenye maandishi ya wino yanayozunguka ndani kutoka kitovu hadi ukingoni, mengi kwa Kiaramu. Yanapendeza mno, na picha zake zipo mtandaoni. Hayo yalikuwa zindiko hasa: yalifukiwa kifudifudi chini ya sakafu na vizingiti ili mashetani yanaswe yasiingie nyumbani. Kama shemeji hataki la namna hiyo ukutani kwake, ana haki, na wewe ungelinunua bila kujua kwa sababu muuzaji angeandika "bakuli la kale la Mashariki". Umeona faida ya jina?

Lakini kibao cha Drehem ni hesabu ya mbuzi. Chungu cha Urewe ni cha mpishi. Mketishe, muonyeshe maandishi yanasema nini, mwambie hakuna jini lililowahi kupanda kwenye risiti. Kama ni mtu wa dini na anapenda kusoma, mwongezee hili: Chuo Kikuu cha Birmingham kilikuwa na bingwa wa kusoma kikabari, W. G. Lambert, na mwaka 1969 yeye na A. R. Millard walichapisha hadithi ya Atra-hasis, simulizi ya kale ya gharika ambayo ndani yake mwanadamu anaumbwa kwa udongo. Iandikwe wapi tena hadithi hiyo kama si kwenye udongo? Mtakuwa na maongezi mpaka usiku.

Na kwa nyumba zisizoweka picha za viumbe, iwe kwa imani yenu au kwa heshima ya wazee wanaosali sebuleni, msilazimishe. Acheni vichwa na visanamu, chukueni vyombo, vigae na maandishi. Angalieni pia nani anakuja kutembelea. Sanamu nyingi za udongo za kale ni za wanawake walio uchi, na mama mkwe akifika toka Tanga si wakati wa kuanza mhadhara wa akiolojia.

Chungu kizee, picha changa

Hapa wengi wanateleza. Wanasema kitu kina miaka 4,000, hakina mwenyewe, naweza kuchukua picha yoyote. Chungu kweli hakina hakimiliki. Ila picha yake ilipigwa juzi na mtu aliyechagua taa, pembe na kivuli, na kwa sheria ya Uingereza haki yake hudumu mpaka miaka 70 baada ya kufa kwake. Kwa hiyo tafuta zilizofunguliwa na wenyewe.

Alama ya kutafuta ni CC0. Ukiikuta chini ya picha, maana yake mwenye picha ameiachia: pakua, chapa, tundika, hata ukiuza hakuna wa kukufuata. Jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, lilifungua picha zake kwa mtindo huo Februari 2017, na lina vibao vya kikabari pamoja na vyungu vya Kupro kwa mamia. Makumbusho ya Cleveland yakafuata 2019. Shirika la makumbusho la hapa Birmingham lilianza kuachia picha za vitu visivyo na hakimiliki mwaka 2018. Hata hivyo soma alama ya kila picha peke yake, usichukulie jumla. British Museum wao huruhusu picha zao nyingi kwa matumizi yasiyo ya biashara: kwa ukuta wako sawa, ila mtu akikuuzia mtandaoni muulize ruhusa aliipata wapi.

Umeshaona tulipofika? Ile picha ya pauni 45 huenda inapatikana bure na kihalali, na kazi iliyobaki ni kuichapisha.

Karatasi, wino na kipimo

Faili iwe kubwa. Kipimo kizuri ni pikseli 300 kwa kila inchi ya karatasi. Kwa A4 inakuja kama 2,480 kwa 3,508, kwa A3 kama 3,508 kwa 4,961. Picha uliyoikamata kwenye skrini ya simu haifiki huko, itatoka imefifia na yenye vijiraba.

Chapishia kwenye karatasi isiyong'aa, nzito, gramu 200 kwa mita mraba au zaidi. Udongo haung'ai, na karatasi ya kung'aa inauvika mafuta. Uliza wino wa pigmenti, ndio unaodumu. Wino wa kawaida ukipigwa na jua la dirishani unapauka. Rangi ya udongo pia ni ngumu kwa mashine, hasa ule wekundu. Nyingine zinaukoleza mpaka chungu kinakuwa nyanya. Lipia kwanza nakala ndogo, ipeleke nyumbani, ione mchana na ione usiku chini ya taa yako, ndipo uagize kubwa.

Ukubwa nao una adabu yake. Kibao kidogo kinavumilia kukuzwa, kikifika A2 unaona alama usizoweza kuziona hata kwenye kabati la kioo. Chungu hakivumilii hivyo. Kikizidi sana ukubwa wake wa kweli kinatisha. A3 inakitosha, na kiachie nafasi tupu pande zote kipumue.

Fremu usinunue mpya bila sababu. Maduka ya hisani ya Erdington High Street, Kings Heath na Harborne hayakosi fremu za mbao nzuri zenye picha mbaya. Toa picha, safisha kioo, weka yako. Pesa utakayookoa iweke kwenye kadi nene ya kuzungushia picha, iwe isiyo na asidi, ili karatasi isiguse kioo wala isipigwe madoa ya njano.

Kuta za Birmingham

Nyumba zetu nyingi hapa ni zile za matofali za enzi ya Malkia Victoria, zilizopangana mtaa mzima. Ukuta wa nje wa nyumba hizo mara nyingi ni tofali tupu, hauna uwazi katikati, na Januari unakuwa wa baridi. Mvuke wa chai na wa nguo mnazoanika ndani unakuja kutua hapohapo, na nyuma ya fremu ukungu mweusi unaota kimyakimya. Basi tundika kwenye ukuta wa ndani, ule unaotenganisha vyumba. Kama huna namna, bandika vipande vya kizibo kwenye pembe za chini nyuma ya fremu ili hewa ipite. Juu ya radieta usiweke, bafuni usiweke, na karibu na jiko lenye mvuke wa pilau usiweke kitu ulichokilipia. Huyo Ea-nasir wa jikoni mchapishe kwenye karatasi ya bei rahisi, akiharibika hakuna msiba.

Mwenye nyumba hataki misumari? Inua macho. Nyumba nyingi za zamani zina ubao mwembamba unaozunguka ukuta karibu na dari. Uliwekwa kwa kazi hiyohiyo: unanunua ndoano za kuning'inia juu yake, unashusha uzi, fremu inakaa bila tundu hata moja, na dipoziti yako iko salama. Kama ubao hakuna, tumia vibandiko vya kunata, lakini soma uzito vinaoubeba, na usivibandike juu ya karatasi ya ukutani. Kioo cha plastiki ni chepesi kuliko kioo cha kweli, kinafaa hapo.

Urefu: katikati ya picha iwe kama sentimita 150 kutoka sakafuni, usawa wa macho ya mtu aliyesimama. Lakini kama kwenu mnakaa chini kwenye mikeka na matakia, ishushe. Picha ni ya anayekaa, si ya anayepita kwenda kufungua mlango.

Basi, wewe wa Erdington

Mfute muuzaji wa pauni 60, usimjibu tena. Yule wa pauni 45 muulize yale maswali. Akishindwa, muage kwa heshima. Jumamosi mchukue shemeji mwende Chamberlain Square, mkirudi mkae wawili mtafute kibao kimoja cha hesabu ya mifugo na chungu kimoja cha kwetu, vyenye alama ya ruhusa. Mwache yeye achague kibao. Mwanaume akishachagua mwenyewe, uchawi unaisha.

Kabla hujazitia picha kwenye fremu, zigeuze, uandike nyuma kwa penseli: kitu gani, kimetoka wapi, cha lini, kiko wapi na namba yake, na nani alipiga picha. Siku mkihama, au siku mwanao akirithi, maneno hayo yanahama na picha.

Na nyinyi wengine, nitumieni picha za kuta zenu. Fremu ilikuwa bei gani, sitauliza. Nitauliza hiki ni nini na kwao ni wapi, na asiyejua nitamtoa kwenye kona hii kwa jina.